Kabla ya Keki: Vitonge vya Tende, Kashata na Walima wa Horohoro



Tulivuka bahari kutoka Pemba hadi Tanga, tukapanda gari hadi Horohoro kwa harusi ya ndugu yetu. Wengi mnaijua Horohoro kama mahali pa kugongewa muhuri kwenye pasipoti kabla ya kuingia Lunga Lunga na kuendelea Mombasa. Malori yamejipanga, vijana wa kubadilisha fedha wanakuita dada kabla hujashuka garini. Lakini nyuma ya ofisi za mpaka kuna vijiji na minazi na mikorosho, na huko ndiko tulikokaa siku nne.

Usiku wa kwanza bi harusi alitoa simu akatuonyesha picha. Vitonge vidogo vya tende na njugu, vimeviringishwa kwenye ufuta, vimepangwa kwenye sinia. Havioki, havikaangwi, sukari haitiwi. "Hivi ndivyo ninavyovitaka siku ya walima," akasema. "Si keki." Sababu anayo: shangazi yake aliyemlea ana ugonjwa wa sukari, na kila shughuli hukaa pembeni akiwatazama wenzake wanavyokula.

Mama yake hakujibu upesi. Alikuwa amekwisha kuulizia keki ya ngazi nne mjini Tanga, na bei aliyotajiwa ingemaliza fedha za vyombo vya bi harusi. "Mwanangu," alisema mwisho, "tukiweka vitonge watu watasema tumekwama." Somo, mwanamke mtu mzima aliyewatoa wari wengi katika kijiji kile, aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaitazama sana. "Kwani hii si kashata iliyokataa moto?" Tukacheka wote, isipokuwa mama.

Neno la mama lilituingia. Ni nani aliyesema harusi bila keki ni harusi iliyokwama? Tulimsimulia tuliyoyakumbuka usiku ule, na mengine tuliyatafuta baada ya kurudi nyumbani. Ndiyo haya.

Tuanze na walima wenyewe. Mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628 Miladia, Mtume (S.A.W.) alimuoa Bi Safiyya binti Huyayy (R.A.) wakati wa kurejea kutoka Khaybar. Habari hii imo katika Sahihi Bukhari na Muslim, imepokewa na Anas bin Malik (R.A.). Walikuwa safarini. Katika walima ule hapakuwa na nyama wala mkate. Yalitandikwa majamvi ya ngozi, watu wakatakiwa kila mmoja alete alicho nacho. Huyu kaleta tende, yule samli, mwingine maziwa yaliyokaushwa yakawa magumu, ambayo Waarabu huyaita aqit. Vikachanganywa vikawa hais, na hais ndiyo iliyokuwa karamu ya harusi. Aliyemtengeneza bi harusi usiku ule ni Ummu Sulaym, mama yake Anas. Kwa lugha yetu ya pwani tungesema ndiye aliyekuwa somo wake.

Tulipofika hapo, somo wa Horohoro alipiga kofi moja akamtazama mama wa bi harusi. Hakusema kitu.

Hatusemi keki ni haramu, tusije tukaandikiwa barua. Keki ni chakula cha halali kama kingine. Tunachosema ni kwamba keki kubwa nyeupe ya harusi ni desturi ya Waingereza, na umaarufu wake ulikua baada ya harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840. Hais ya Bi Safiyya imeitangulia kwa zaidi ya miaka 1200. Sasa ipi mpya hapo?

Na hais haikubaki jangwani. Mwaka 1226 mtu wa Baghdad aitwaye Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, *Kitab al-Tabikh*, na ndani yake hais imo na vipimo vyake. Anataka mkate mkavu uliosagwa, tende zilizotolewa kokwa, lozi na pistachio zilizotwangwa, vikandwe vyote kwa mkono pamoja na mafuta ya ufuta, kisha vifanywe vitonge na kunyunyiziwa sukari ya unga. Anasema kinawafaa sana wasafiri. Weka njugu mahali pa lozi, uache ule mkate na ile sukari, umeipata picha ya kwenye simu ya bi harusi wetu.

Huku kwetu tende zilikuja na upepo. Kaskazi inapoanza kuvuma, kuanzia Desemba hivi, majahazi yalishuka kutoka Basra, Kuwait, Oman na Hadhramaut yakiwa na tende, samaki wakavu na chumvi, yakatia nanga Lamu, Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja. Kusi ikigeuka yalirudi na boriti za mikoko, karafuu na nafaka. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi moja la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, akaandika habari zake katika *Sons of Sindbad*. Kwa hiyo kwa bibi zetu tende ilikuwa na msimu wake kama embe. Jahazi likichelewa, ulikula ulichoweka.

Hapa kuna jambo ambalo katika mabaraza ya wanawake hatulisemi sana, na sisi wenyewe tulisita kuliandika. Kaskazi hiyohiyo iliyoleta tende ilileta pia wezi wa watu. Christopher Rigby, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja tangu 1858 hadi 1861, aliandika jinsi Waarabu wa kaskazini walivyokuwa wakiiba watoto na watumwa mjini wakati wa msimu na kuwapakia majahazini. Ndiyo maana hadithi ya mtoto aliyehadaiwa kwa tende na halua haijafutika visiwani mpaka leo, na bado inauma, na wapo wanaoitumia kuchochea chuki. Tukiijua vizuri pengine haitatumika vibaya.

Walipelekwa wapi? Wengi walifika Oman na Ghuba, na kazi mojawapo iliyowangoja ilikuwa kwenye mitende: kuteka maji, kupandisha chavua, kukwea na kuvuna. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika *Slaves of One Master* cha mwaka 2015, ameeleza jinsi soko la tende lilivyokua karne ya 19 hata tende za Oman zikawa zinauzwa kwa wingi Marekani, na jinsi mashamba ya Batinah yalivyowategemea watu waliotolewa Afrika Mashariki. Kwa hiyo tende iliyoshushwa Tanga huenda ilimwagiliwa maji na mtu aliyezaliwa karibu na Tanga. Tunaila tende kwa kufuturu na tutaendelea kuila, ni sunna na ni neema, lakini tunaila tukijua.

Cha kwetu bila shaka ni ufuta. Neno lenyewe ni la Kibantu, ndugu ya mafuta. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua ufuta wa mwambao huu kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni vya Marseille. Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1844. Nazi nayo ilitoka Asia kwa njia ya bahari zamani sana, imekuwa ya kwetu mpaka tumesahau kwamba iliwahi kuwa mgeni.

Njugu zina kisa chake. Mpakani Horohoro ukitaka kujua muuzaji katokea upande gani, msikilize anavyoita bidhaa zake. Wa Tanga atakwambia karanga na ufuta, wa Lunga Lunga atakwambia njugu na simsim, na sisi wa Pemba tunasema njugu vilevile ingawa ni Watanzania. Njugu ya asili ya Afrika ni njugu mawe, ile ya duara na ngumu. Hii ya leo inatoka Amerika ya Kusini, na imefika Afrika katika zama za Wareno. Watu wa pwani wakaiita njugu nyasa, wakampa mgeni jina la mwenyeji. Korosho pia ni ya Brazil na imekuja kwa mkono wa Wareno haohao. Kusini kidogo ya Tanga, karibu na Tongoni ambako bado pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ndiko Vasco da Gama alikoichoma moto merikebu yake *São Rafael* mwezi Januari 1499, alipokuwa akirudi kutoka India na mabaharia wake wamekwisha kwa maradhi.

Sasa kashata. Nazi iliyokunwa, sukari na iliki, au njugu zilizomwagiwa sukari iliyoyeyushwa ikawa nyekundu, ikatandazwa na kukatwa ingali moto. Haihitaji tanuri, jiko la mafiga matatu linatosha, ndiyo maana kila nyumba iliweza. Lakini inahitaji sukari, na sukari ya mwambao huu tusiitazame juujuu.

Miwa mingi ya sukari ililimwa kwenye bonde la chini la mto Pangani, kusini ya Tanga. Katika miaka ya 1870 na 1880 mashamba yale yaliongezeka, miwa ikikamuliwa na maji yake kuchemshwa mpaka yakawa sukari guru, ikapelekwa Unguja na Arabuni. Kazi ilikuwa ya watumwa. Mkataba wa Juni 1873 ulilifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari, lakini haukumwacha huru aliyekwisha kuwa shambani. Jonathon Glassman ameyaandika maisha ya mashamba haya katika *Feasts and Riot* cha mwaka 1995, na anayetaka kuijua Pangani akisome. Hata Abushiri bin Salim, tunayemsoma shuleni kama shujaa aliyepambana na Wajerumani tangu 1888 mpaka wakamnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani. Ushujaa wake ni kweli, na shamba lake ni kweli. Utumwa katika Tanganyika ulipigwa marufuku kabisa kwa sheria mwaka 1922. Ni juzi tu.

Mpaka wenyewe wa Horohoro ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, walipochora mstari kuanzia pwani karibu na mdomo wa mto Umba mpaka Ziwa Victoria. Mstari ukapita katikati ya Wadigo na Wasegeju, huyu akabaki huku na dada yake akawa ng'ambo. Mwaka 1927 kiwanda cha sukari kikaanzishwa Ramisi, upande wa Kenya, kwenye njia ya kutoka Lunga Lunga kwenda Mombasa. Kikafanya kazi mpaka 1988 kikafungwa. Kwa hiyo kwa watu wa Horohoro sukari ilikuwa jirani, lakini jirani wa nchi nyingine.

Ujirani huo ulijulikana uchungu wake mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka mwezi Februari, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka hiyo ndiyo ya uhaba: foleni za sukari, sabuni na khanga, na mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Somo alikuwa na watoto wadogo wakati huo. Tulimuuliza harusi zilifanywaje. "Zilifanywa," akasema. "Kilo ya sukari ilikuwa ya chai ya wageni, si ya kashata. Tulitwanga njugu na chumvi, tukaweka ufuta uliokaangwa, mwenye asali akatia asali. Watu wakaoana, wakazaa." Kisha akaongeza, kwa mama wa bi harusi, kwa sauti ya chini: "Na wewe ni mmoja wa waliozaliwa katika harusi hizo."

Basi kesho yake asubuhi tuliingia jikoni. Tunawapa vipimo kwa sababu tunajua mtauliza.

Tulichukua tende laini vikombe viwili, tukazitoa kokwa moja moja. Usiamini maandishi ya pakiti yanayosema hazina kokwa. Jino la mgeni ni amana. Tende zikiwa kavu, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, kisha zichuje vizuri. Njugu kikombe kimoja, ufuta nusu kikombe, kila kimoja kikakaangwa peke yake bila mafuta, maana ufuta huungua kabla njugu hazijabadilika rangi. Nazi kavu ilikunwa kwenye mbuzi, ikakaangwa kwa moto mdogo mpaka unyevu ukaisha. Hapo msifanye haraka, kwa sababu nazi mbichi ndiyo inayoharibu vitonge siku ya pili. Iliki ya kutwanga, na chumvi kidogo mno. Njugu zilitwangwa kwanza kwenye kinu, zisiwe unga, kisha tende, kisha vyote pamoja mpaka vikashikana. Viganja tukavipaka samli, tukafinyanga, tukaviringisha kwenye ufuta. Kipimo hiki kimetoa vitonge kama thelathini. Ukivifunika vizuri na kuviweka kwenye friji vitakaa wiki.

Kabla ya kukaanga, somo alizimwaga njugu kwenye ungo akakaa kizingitini penye mwanga, akachambua. Zilizosinyaa na zenye ukungu alizitupa, hata kuku hakuwapa. Yeye alijifunza kwa mama yake tu, lakini ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya sumukuvu, sumu ya ukungu inayodhuru ini, na ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

Na kuhusu afya tuwe wakweli, kwa sababu tumeona watu wakiandika kwamba vitonge hivi mwenye kisukari ale apendavyo. Si kweli. Tende kavu ni sukari kwa karibu theluthi mbili za uzito wake. Kitonge kimoja cha kipimo chetu kina kiasi cha gramu kumi za tende, yaani sukari inayokaribia kijiko kimoja na nusu cha chai. Tofauti ni kwamba humo mna nyuzinyuzi za tende, mafuta na protini za njugu na ufuta, hivyo hushibisha na sukari yake haipandi mwilini kwa kasi ya kashata au soda. Mwenye ugonjwa wa sukari aulize daktari wake, ahesabu, asile sinia. Shangazi tulimwambia hivyohivyo, kimoja, baada ya chakula. Akaitika kama mtoto wa chuoni.

Mama wa bi harusi aliingia jikoni mchana. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akafunga khanga kiunoni, akakaa kwenye kibao, akaanza kufinyanga. Vyake vilikuwa sawasawa kuliko vyetu. "Keki nitaagiza ndogo," akasema, macho yapo kwenye sinia. "Ya ngazi moja. Ya picha." Bi harusi akainama akambusu mkono.

Siku ya walima wanawake wa ng'ambo walivuka asubuhi na mapema, mmoja na mfuko wa njugu, mwingine na kopo la samli, wa tatu na kashata za nazi za rangi ya waridi, za sukari kamili, ambazo ziliwekwa sinia moja na vitonge bila ubishi. Hatukusikia aliyesema watu wamekwama. Tulisikia wakiulizana kama ni ufuta wa kwetu au simsim ya Mombasa.

Shangazi alikula kimoja baada ya pilau, polepole, kama tulivyokubaliana. Baadaye tukamwona akifunga cha pili kwenye pindo la khanga. Tukatazama pembeni.